Vitwitwi wa Julai

Getini, Mabwawa ya Chumvi
2 Novemba

Kwa Mheshimiwa Mtaalamu, mdogo wangu,

Hujambo. Shikamoo yako nimeiitikia mapema, maana najua hutaikumbuka. Marahaba.

Nakuandikia barua kwa sababu simu zangu umezivalia miwani ya mbao tangu Agosti. Tena barua ikifika ofisini kwenu, karani huigonga muhuri wa kupokelewa, kwa hiyo hutakuja kuniambia ilipotea njiani.

Ripoti yenu imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa manispaa. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kurasa zote thelathini na moja, watu wananipita kama nguzo ya taa. Inasema mabwawa ninayoyatunza kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa yafukiwe, yajengwe maghala, kwa kuwa "ziara ya mwezi Julai haikubaini ndege mhamaji hata mmoja, na hivyo eneo halina umuhimu kwa viumbe hao." Chini yake kuna sahihi. Niliijua kabla ya kusoma cheo, kwa sababu ulijifunzia kwenye daftari langu bila kuniomba.

Julai, mdogo wangu. Umekwenda shuleni wakati wa likizo, ukakuta madawati matupu, ukaandika kwamba mji huu hauna watoto.

Kwa kuwa wewe umesomea mambo haya miaka saba na mimi nimesomea kufungua na kufunga milango ya maji, ngoja nikusaidie. Kitwitwi wa hapa ni yule mwenye mdomo mweusi mrefu, uliopinda kuelekea chini. Hazidi shibiri moja. Sasa hivi ni wa kijivu mgongoni na mweupe tumboni, ana mstari mweupe juu ya jicho, na akiruka unaona kiuno cheupe juu ya mkia. Miguu yake ni mirefu, anaingia majini mpaka tumbo linagusa, halafu mdomo unachoma tope juu chini, juu chini, kama sindano ya cherehani, akitafuta minyoo. Bahari ikijaa na matope ya nje yakafunikwa, wote huja kwangu, bwawa la nne na la tano, ambako nimewapunguzia maji. Wanalala kwa mguu mmoja, nyuso zimeelekea upepo. Kuanzia Machi wanakula kama watu walioalikwa, wananenepa mpaka wanakaribia uzito mara mbili, na kifua kinaanza kuingia wekundu wa tofali. Katikati ya Mei wameshakwenda. Wanataga Juni, huko juu kabisa kaskazini ambako barafu huyeyuka wiki chache tu kwa mwaka. Agosti wanaanza kurudi, wekundu umechakaa. Ni elfu tatu na zaidi kila msimu.

Usidhani nawapenda. Ni wagomvi, tena waoga; mwewe mmoja akipita, elfu nzima inakurupuka na kunichafulia kofia. Lakini wapo, na wewe umeandika hawapo.

Kamati inakutana tarehe 12 Desemba. Iondoe ripoti hiyo kabla ya siku hiyo. Mabwawa yakifukiwa, ndege watatafuta pengine. Mimi sina pengine, na kazi nyingine siijui.

Dada yako


Ofisini, ghorofa ya tatu
11 Novemba

Dada,

Shikamoo.

Barua yako imefika. Imesomwa na mimi, na kabla yangu ilisomwa na karani, mhudumu wa chai na fundi wa mashine ya kuchapa, kwa sababu uliandika juu ya bahasha "Profesa Kamasi". Tangu Jumatatu hakuna anayenipa karatasi bila kwanza kuniuliza kama nina leso.

Ahsante kwa somo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angepata alama za wastani. Umesahau kwamba dume la ndege huyo haliatamii mayai wala halileti chakula. Likishapanda, linaondoka mwanzoni mwa Julai na kumwachia jike kila kitu. Umesahau pia kwamba idadi yao hupanda na kushuka kufuatana na panya wa kule kwenye barafu. Panya wakiwa wachache, mbweha hugeukia makinda, na mwaka huo ndege wachanga hawaji. Kwa hiyo, hiyo elfu tatu yako ya "kila msimu" inanipa shida. Nakumbuka unavyohesabu. Unanyoosha mkono, unafumba jicho moja, kidole gumba kinafunika ndege kumi, unahesabu vidole. Kwenye taaluma yangu jambo hilo linaitwa kubahatisha.

Mwezi sikuuchagua mimi. Mwenye mradi aliihitaji ripoti kabla ya mwisho wa Julai. Kwamba wewe umekaa mahali pamoja miaka ishirini na mbili hakupafanyi mahali hapo kuwa muhimu. Ndege ana mabawa, na ufuo ni mrefu.

Na usidhani niliandika nikiwa nimelala. Kiambatisho cha Tatu, ambacho hakikubandikwa kwa kuwa watu wa ubaoni hawasomi viambatisho, kinaonyesha kila kitu: tarehe 9 Julai, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, juu ya tuta la bwawa la nne, kwa darubini. Vitwitwi: sifuri. Unaweza kukiomba manispaa, ukafuata taratibu.

Mdogo wako,
Mtaalamu Mwandamizi wa Mazingira
(muhuri)


Getini
16 Novemba

Mheshimiwa,

Umempigia dada yako muhuri. Nimewaonyesha wapakiaji wa chumvi, wamecheka mpaka mmoja ikabidi akae chini.

Sasa nisikilize, maana hili halimo kwenye miaka yako saba, au limo na siku hiyo ulikuwa na mafua. Si wote wanaokwenda kaskazini. Wale waliozaliwa mwaka uliopita hubaki hapa hapa. Hawageuki wekundu, hawana mwenza, hawana haraka, wanazurura bwawa la nne na ukijivu wao kama vijana waliomaliza shule bila kazi. Kila Julai nawahesabu, kwa kidole gumba hichohicho. Mwaka wa wachache walikuwa thelathini na wanane, mwaka wa wengi wakapita mia. Mtu aliyesimama kwenye tuta lile saa sita nzima na darubini, asione hata mmoja, ama macho yake yana mtoto wa jicho ama hakusimama.

Jambo la pili si la ndege. Ripoti ya ubaoni ilisema Julai tu. Tarehe umeitaja wewe kwa mkono wako. Mtu mwingine angeiruka tarehe hiyo. Wewe umeigongea muhuri.

Mimi Julai ile sikuwa getini. Nilikuwa kitandani kwa mama, unajua. Tarehe 9, saa tatu asubuhi, ulimpigia simu mama mdogo, naye akaiweka sikioni kwa mama. Nilikuwepo, nimeshika beseni, na sauti yako niliisikia. Ulisema uko safarini kikazi, mwendo wa siku mbili, na usingeweza kufika. Saa nane mchana mama alifariki. Tulimzika kesho yake. Wewe ulitokea tarehe 11, viatu vinang'aa.

Kutoka tuta la bwawa la nne mpaka nyumbani ni robo saa kwa mguu. Ukisimama hapo unaliona bati la paa letu, lile lenye kiraka.

Basi chagua. Kama ulikuwa tutani, ulilitazama paa la nyumba aliyolala mama yako anakata roho, ukamwambia uko mwendo wa siku mbili. Kama ulikuwa mbali, hukukanyaga hapa, na Kiambatisho cha Tatu umekitunga mezani huku unakunywa chai. Haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Amua uongo ni upi, uiandikie kamati. Usipoandika, tarehe 12 nitasimama mbele yao mimi na mama mdogo, naye ataieleza simu yako neno kwa neno. Unamjua, hapunguzi neno, anaongeza.

Dada yako


24 Novemba

Dada,

Usichanganye msiba na kazi. Sikutegemea kwamba mtu wa damu yangu atamfukua mama yake ili kulinda matope.

Tarehe kwenye viambatisho huandikwa na karani. Karani hukosea. Mtu huenda uwandani siku moja na karatasi ikaandikwa siku nyingine; kwa watu wanaofanya kazi na karatasi jambo hili ni la kawaida. Siwezi kukueleza ofisi inavyokwenda, kama ambavyo wewe huwezi kunieleza kwa nini mlango wa maji ufunguliwe na mtu yuleyule kwa miaka ishirini na mbili.

Lakini kwa kuwa umeamua tuvuane nguo, tuvuane. Wewe unadhani kubaki ni sifa. Hata jiwe hubaki. Tangu nilipoondoka nyumbani kila barua yako ina wimbo mmoja: mimi niliyebaki, mimi niliyemwogesha, mimi niliyeshika beseni. Nani alikuita kwingine ukakataa? Mimi niliitwa, nikaenda. Nilisoma kwa taa ya kuazima, nikala mara moja kwa siku, nikavumilia wenye baba zao wenye magari, na leo jina langu likiwa kwenye karatasi watu wazima wanainuka. Hayo hujawahi kuyasema hata siku moja mbele ya mtu. Unachojua ni kunikumbusha kamasi.

Wengine tuliumbwa kwenda, na wengine kufungua na kufunga. Ndivyo dunia ilivyo, na hao ndege wako wenyewe wangekuambia.

Unataka nini hasa? Kama ni kazi, naweza kuzungumza na mwenye mradi. Maghala yatahitaji walinzi.

Mdogo wako


Getini
28 Novemba

Mdogo wangu,

Nimekuuliza swali la neno moja, umenijibu kurasa tatu. Ama kweli njia ya mwongo ni fupi, ndiyo maana unaizunguka.

Karani. Siku zote mwenye kosa ni karani.

Jiwe nimelipokea. Ni kweli sikuitwa popote. Kazi ya ulinzi wa maghala mpe huyo karani, ameteseka vya kutosha.

Ila umenitajia ndege, na hapo hujui usemalo. Hapa mbele yangu sasa hivi wapo wachanga wa mwaka huu, wamefika mwezi uliopita. Unawajua kwa mgongo wenye magamba magamba na kifua cha rangi ya ganda la yai. Baba aliwakimbia kabla hawajaanguliwa, kama ulivyonifundisha. Mama naye aliondoka walipoweza kuruka. Wametoka kule kwenye barafu peke yao, hawajaonyeshwa njia na yeyote, wamevuka nchi na bahari ambazo hawajawahi kuziona, na wamefika kwenye bwawa la nne. Ndege mwenye ubongo wa ukubwa wa harage. Wewe ulibebwa mgongoni kwenye njia ya nyumbani mpaka ukaijua umelala, na ukashindwa robo saa.

Au hukuwepo. Mimi sijui. Sema.

Nakudharau, mdogo wangu, na sijisikii vizuri kukudharau. Ningependa zaidi uwe mwongo wa ripoti kuliko uwe yule mwingine. Nakuandikia hilo waziwazi ili ujue ni uongo upi naweza kuishi nao.

Zimebaki siku kumi na nne.

Dada yako


8 Desemba

Dada,

Hii ni nakala ya barua niliyoipeleka leo kwa mkono, na kuisubiri mpaka ikagongwa muhuri.

"Kwa Katibu wa Kamati ya Mipango. Mimi niliyetia sahihi ripoti ya tathmini ya Mabwawa ya Chumvi natamka kwamba sikufika kwenye mabwawa hayo tarehe 9 Julai wala siku nyingine yoyote ya mwaka huu. Takwimu za Kiambatisho cha Tatu nilizitunga nikiwa ofisini. Siku hiyo nilikuwa safarini, mwendo wa siku mbili kutoka hapo. Naomba ripoti ifutwe. Nipo tayari kwa hatua za kinidhamu."

Umepata ulichokuwa unakitafuta. Leseni yangu ya utaalamu nimeiweka mezani kwa mkurugenzi kabla hajaiomba. Fundi wa mashine ya kuchapa amenipa mkono, na hilo limenikera kuliko yote.

Kwa hiyo nilikuwa mbali, kama nilivyomwambia mama. Naomba jambo hili lifungwe. Usilizungumze na mama mdogo, usilizungumze na mtu yeyote, wala usiniandikie kulihusu. Sherehekea na wapakiaji wako.

Mdogo wako


Getini
21 Desemba

Mdogo wangu,

Umenikataza kuandika, na ungekuwa mkubwa wangu ningetii.

Kamati imeifuta ripoti na kuukataa mradi. Mabwawa yanabaki. Wapakiaji walinipigia makofi, na mzee wa mizani akatoa hotuba ndefu kuhusu ndege ambao mpaka juzi alikuwa akiwatupia mawe. Siku ile ile nilianza kukuandikia barua. Ilikuwa na maneno makali, nilikuwa nimeyachagua vizuri. Nilikuwa nakuita mwongo, na nilikuwa na furaha, kwa sababu mwongo ndiye niliyemtaka.

Sikuimaliza. Jumanne alirudi kutoka likizo yule mlinzi aliyenishikia geti mwezi Julai. Daftari rasmi la wageni nilikuwa nimelifungia kabatini, ufunguo ninao shingoni, hivyo mwezi ule wote yeye aliandika wageni kwenye daftari la shule la mwanawe. Alinikabidhi akiomba radhi kwa kuchelewa na kwa mwandiko. Nikafungua tarehe 9.

Umeingia saa kumi na mbili na dakika kumi. Namba ya gari, cheo chako, sahihi yako. Umetoka saa nane na nusu mchana. Mama mdogo alikupigia simu saa nane na robo kukuambia amefariki.

Nikamuuliza mlinzi ulifanya nini muda wote huo. Akasema, "Hakushuka, dada. Alikaa garini pale tutani, vioo juu, jua lote lile. Nilimpelekea maji. Nikamuuliza kama kuna mtu anamsubiri, akasema anakwenda kumwona mama yake, anaumwa. Nikamwambia aende basi, asubuhi ndiyo hii. Akasema, nyumba ninaiona."

Kwa hiyo ulikuwepo, na vitwitwi hukuwaona kwa sababu hukuwatazama. Saa tatu asubuhi ulipompigia mama kumwambia uko mwendo wa siku mbili, ulikuwa unalitazama paa lake. Umeiambia kamati hukufika, umetupa leseni uliyoisomea kwa taa ya kuazima, ili tu mimi nisijue jambo hili.

Sikujua mtu anaweza kuogopa kiasi hicho. Nimekaa na hasira siku tatu, na kila nikijaribu kukudharau kama nilivyozoea, nakuona umekaa kwenye gari lile na jua limekupiga, nami nakuonea huruma ambayo sikuitaka. Sijui uliogopa nini. Mama alikuwa amekonda tu.

Mwenye mradi ameleta wakili. Anatafuta chochote cha kuonyesha kwamba ziara ilifanyika, ili ripoti ifufuliwe na wewe uonekane umerukwa na akili kwa msiba. Ukurasa ule ungemfaa sana. Nimeuchana na kuuchoma kwenye jiko la chai, na mlinzi nimemwambia daftari la mwanawe limeloa. Miaka ishirini na mbili nimejisifu kwamba kila kinachopita kwenye geti hili nakiandika kama kilivyo. Sasa ukiniita mwongo sitakuwa na jibu, na matope haya nitayatunza kwa uongo wetu sote wawili.

Mama mdogo sijamwambia. Sitamwambia.

Lakini kuna jambo sikuwahi kukueleza, na nilikuwa nalificha kwa ajili yako. Siku ile, kuanzia asubuhi mpaka saa nane, mama aliniuliza mara nne kama umefika. Mara zote nne nilimshika mkono nikamwambia hapana, mama, bado yuko mbali. Nilidhani namwambia kweli.

Dada yako